Siku Mama Spika Alipopunguza Sauti

Jina la Spika hakupewa kwa kejeli. Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali yetu kulikuwa na mashine sita za kufua, nne za kukausha, na pasi moja ya roli ndefu kama kitanda cha watu watatu. Zote zikiwashwa kwa pamoja, hata ukipiga chafya hujisikii. Lakini Mama Spika akisimama mlangoni na kuuliza, "Mashuka ya wodi ya wazazi yako wapi?" basi hata aliyejibanza nyuma kabisa kwenye kabati la sabuni alijibu, tena haraka.

Alikuwa msimamizi wetu kwa miaka kumi na tisa. Mwanamke mfupi, mpana wa mabega, kalamu tatu zikiwa zimechomekwa mfukoni na ya nne sikioni, na kila siku alikuwa anatafuta kalamu. Mimi nilikaa upande wa kushonea, karibu na mlango, nikiziba matundu ya mashuka na kurudishia kamba kwenye gauni za wagonjwa, kwa hiyo kila tangazo lake lilinifikia mimi kwanza. Nililizoea. Mtu huyu hakuwa mkali wa moyo. Alijua watoto wetu wanasoma madarasa gani na mama zetu wanaumwa wapi. Ila alikuwa na sauti moja tu, ya kupongezea na ya kukaripia ni hiyo hiyo. Nilipofiwa na shangazi yangu alikuja msibani, akanikumbatia, akasema, "POLE SANA MWANANGU," na waombolezaji wote wakageuka kuangalia ni nani anagombana.

Wageni hawakumwelewa. Mwaka ule watu watatu waliomba kuhamishwa kutoka kwetu, na mmoja aliandika barua kabisa kwamba msimamizi anawafokea kuanzia asubuhi hadi jioni. Barua ikafika ofisi ya utumishi. Wiki iliyofuata ofisa mwenyewe, ambaye sisi tulimwita Bwana Utumishi kwa sababu hakuwa na mazungumzo mengine, akashuka kwetu na kijitabu mkononi.

"Mama, wasimamizi wote mtapata mafunzo ya stadi laini," alisema.

"Laini vipi?" Mama Spika aliuliza. "Dawa ya kulainisha tunayo, madumu mawili, sijayafungua."

"Siyo ya mashuka, mama. Ni stadi za kuishi na watu kazini. Kusikiliza. Kuongea kwa upole. Kumkosoa mtu bila kumvunja moyo."

"Na nani atatufundisha?"

Bwana Utumishi akashusha pumzi kama mtu aliyejua swali hili litakuja. "Miwani," akasema.

Ndivyo ilivyokuwa kweli. Mafunzo yalifanyika kwenye ukumbi mdogo wa mikutano, ghorofa ya pili. Mwalimu alikuwa dada mmoja mpole, viatu vya chini, sauti ya kubembeleza, na sanduku lenye miwani minne mikubwa kama ya mpiga mbizi. Alitueleza kwamba ukiivaa, ukumbi wote unapotea na unajikuta mahali pengine pa kutengenezwa na kompyuta. Wenyewe wanaita uhalisia pepe. Unakaa ofisini, mfanyakazi wa kuchorwa anaingia, unaongea naye kwa mdomo wako, naye anakujibu kulingana na ulichosema na ulivyomsemesha. Ukikosea, hakuna mtu wa kweli aliyeumia. Unaanza upya.

Kila kitengo kilitakiwa kuleta mtu mmoja wa kutazama, na Mama Spika alininyooshea kidole mimi. Kwa hiyo niliona kila kitu. Alichokiona yeye ndani ya miwani, sisi tulikiona kwenye televisheni ya ukutani, ila maneno yalikwenda masikioni mwake peke yake, na sisi tuliyasoma chini ya picha.

Somo la kwanza lilikuwa hivi: mfanyakazi amechelewa mara tatu kwa wiki moja, ongea naye ujue sababu. Mama Spika akavaa miwani juu ya kitambaa cha kichwa, akashika virimoti viwili, akakaa wima. Mlango wa kuchorwa ukafunguka. Akaingia mwanamume wa makamo, shati la mikono mirefu, macho chini.

"Shikamoo, bosi," yakatokea maneno kwenye televisheni.

"KARIBU! MBONA UNACHELEWA?"

Yule mtu wa kuchorwa akashtuka. Naapa alishtuka. Akasema jambo kwa sauti ya chini.

"NINI?"

Akalisema tena, akiangalia viatu vyake.

"ONGEA BASI, HATUNA SIKU NZIMA!"

Mtu akasimama. Yakatokea maneno: *Naona bora niache kazi.* Akatoka na kufunga mlango. Haikufika hata dakika moja.

"Ameenda wapi?" Mama Spika akauliza, akigeuza kichwa huku na huku. "Wewe! Rudi hapa!" Akanyoosha mkono amshike, akaangusha jagi la maji lililokuwa mezani kwa kweli. Mkuu wa walinzi, aliyekuwa anasubiri zamu yake, alicheka mpaka akalegeza mkanda. Matokeo yakaja: kusikiliza, saba kwa mia. Sauti, imezidi kipimo.

Mama Spika alishuka ngazi bila kusema neno, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Tulipofika chini akaniambia, "Yule mtu ana kiburi."

Lakini lilimwingia. Yeye hakuwa mtu wa kushindwa na kitu chenye waya. Kila mapumziko ya mchana akawa anapanda juu kuomba miwani. Mtu wa kuchorwa aliacha kazi mara kumi na moja. Tulikuwa tunahesabu kwa chaki nyuma ya mlango wa stoo. Nyumbani nako hakukuwa salama. Mumewe, mwalimu mstaafu mwenye maneno machache, alikuja siku moja kuchukua ufunguo akatueleza kwamba mkewe alimkalisha mezani, akamkazia macho na kumwambia, "Mume wangu, nimeona leo umechelewa kuja kula. Kuna jambo linakusumbua?"

"Nikaweka kijiko chini," akasema yule mzee. "Miaka thelathini na mbili ya ndoa, hajawahi kuniuliza hivyo. Nikajua nimekosa kitu kikubwa."

Polepole alijifunza. Aliona kwamba akishusha sauti, yule mtu hashtuki. Akimwachia nafasi, anaongea zaidi. Akimwambia "nieleze vizuri," anainua macho. Kilichomshinda ni kusikiliza. Anauliza swali, mtu anajibu, yeye anauliza swali lile lile.

"Mama, ameshakujibu," mwalimu alikuwa akimwambia, taratibu.

"Hajajibu. Ananung'unika tu."

Wiki ya tatu alikuta miwani ya mwisho mezani, ile aliyotoka kuitumia mkuu wa walinzi. Akavaa, mtu akaingia, wakaanza. Safari hii Mama Spika akatulia. Akatikisa kichwa. Halafu akaweka mkono kifuani.

"Masikini! Kumbe mama yako ndiye unayempeleka kliniki asubuhi? Siku zote hizi mbona hukuniambia?"

"Amekuwa akikuambia tangu wiki ya kwanza," mwalimu akasema.

Sabini na nne kwa mia! Tulimpigia makofi. Mkuu wa walinzi naye alipiga, halafu akaomba radhi kwamba alikuwa amepandisha sauti ya miwani ile mpaka mwisho na akasahau kuirudisha. Hakuna aliyelitilia maanani. Sote tuliona ni juhudi za Mama Spika zimezaa matunda, na yeye aliona hivyo zaidi ya sisi.

Jumatatu akaleta upole kazini. Siku ya kwanza tulidhani anaumwa. Hakusimama mlangoni. Alipita kwa mmoja mmoja, akiinama, akisema kwa sauti ya chini, "Naomba unisaidie mashuka ya wodi namba tano, ukimaliza hayo." Naomba! Dada wa mashine za kukaushia alinifuata kushonea akaniuliza kama kitengo kinafungwa. Siku ya tatu tukaanza kufurahi. Chumba kilikuwa na kelele za mashine tu, na watu wakagundua kwamba hata wao walikuwa wanapayuka kwa kumwiga.

Mmoja tu ndiye aliyeharibikiwa, na ndiye ambaye hakuna mtu angemdhania. Mzee wa Pasi alikuwa kwenye ile roli kwa miaka kumi na sita. Mtu mrefu, mkimya, mwenye mashati yaliyonyooka kuliko ya madaktari. Hakuwahi kukosea foronya. Wiki ile akaanza kukosea kila siku. Aliambiwa apige pasi gauni za kijani, akapiga nyeupe. Aliambiwa asimamishe mashine kwa sababu toroli limekwama, hakusimamisha, na shuka likapasuka vipande viwili mbele yetu. Alhamisi mashuka na gauni za chumba cha upasuaji zikaenda wodi ya watoto, na upasuaji ukachelewa nusu saa mgonjwa akiwa ameshalazwa mezani. Muuguzi mkuu alipiga simu, na safari hiyo aliyefoka alikuwa yeye.

Bwana Utumishi akashuka mwenyewe. "Andika barua ya onyo," akamwambia Mama Spika. "Ya pili ikifuata, tunamstaafisha mapema. Umri wake umesogea."

"Niongee naye kwanza," Mama Spika akajibu. "Si ndicho mlichonifundisha?"

Ofisi yake ilikuwa kona iliyozibwa kwa mbao nyembamba zisizofika juu, na meza yangu ya kushonea imeegemea mbao hizo upande wa pili, tena penye kidirisha. Sikuwa na haja ya kutega sikio. Aliufunga mlango, akamkalisha Mzee wa Pasi, akakaa sawasawa kama alivyokaa na yule wa kuchorwa.

"Baba, ahsante kwa kuja," alisema kwa upole kabisa. "Nimeona wiki hii kazi imekuwa ngumu kwako. Kuna jambo linakusumbua?"

"Ndiyo, bosi," Mzee wa Pasi akajibu. "Nitapeleka."

"Utapeleka nini?"

"Saa nane. Zikikauka."

Zamani hapo angelipuka. Nilimwona amefumba mdomo, kalamu ikigonga kidevu, anahesabu hadi tano kama alivyoelekezwa. Na kwa kuwa alikuwa kimya, akapata nafasi ya kumtazama. Mzee wa Pasi hakuwa anamwangalia machoni. Alikuwa ameukazia macho mdomo wake. Kalamu ilipoupita mdomo, shingo yake ikasogea pembeni kama mtu anayechungulia.

Mama Spika akachukua daftari la zamu, akaliinua mpaka puani kana kwamba anasoma, akasema nyuma yake, "Baba, shati lako linaungua mgongoni."

Mzee wa Pasi akatabasamu. Akaitikia kwa kichwa. "Sawa, bosi."

Daftari likashuka. Mama Spika akainuka, akazunguka meza, akainama karibu naye, na kwa mara ya kwanza baada ya siku kadhaa ile sauti ya zamani ikatoka. "BABA! UNANISIKIA?"

Nyuma yangu chumba kizima kiligeuka. Mtu wa sabuni aliangusha kopo.

Mzee wa Pasi akainua uso. Akatoa foronya iliyokuwa begani mwake, akajifuta uso. "Sasa nakusikia," alisema.

Yakatoka yote. Sikio la kushoto lilianza kufa miaka minne nyuma, la kulia likafuata. Mkewe tu ndiye aliyejua. Alijifunza kusoma midomo, lakini kwenye roli anageuzia watu mgongo, macho yote kwenye shuka. "Humu ndani nilikuwa nakusikia wewe peke yako," akasema. "Wengine nawaona tu wanatafuna hewa. Wewe ukiongea, najua cha kufanya. Ulipoanza kunong'ona nikajua wamekutuma. Nikajua ndio wananitoa."

Mama Spika akajiegemeza mezani. "Mimi nimepunguza sauti ili niwe mtu mwema," akasema, na sauti bado ilikuwa juu, "kumbe nimekuzimia redio."

Mzee wa Pasi akaanza kucheka na foronya bado iko usoni. Mama Spika naye akacheka. Mimi upande wangu nilikuwa nalia juu ya gauni la mgonjwa, sijui nashona wapi.

Barua ya onyo haikuandikwa. Alipanda juu kwa Bwana Utumishi, na sidhani kama alitumia stadi laini, maana tulimsikia kutoka ghorofa ya chini. Alichotaka kilikuwa rahisi. Hospitali ina kliniki ya masikio, korido mbili tu kutoka kwetu. Mashuka yao tunafua sisi. Lakini kati yetu watu kumi na wanne, tunaoshinda kwenye kelele zile mwaka hadi mwaka, hakuna hata mmoja aliyewahi kupimwa.

Tukaenda wawili wawili. Unaingia kwenye kibanda kidogo kimefungwa pande zote, unavaa hedifoni, unapewa kitufe. Ukisikia mlio, bonyeza. Mimi nilitoka salama, kwa kuwa nakaa mlangoni. Wenzangu sita hawakutoka salama. Mama Spika alijiweka wa mwisho, kama mwenyeji anayekula baada ya wageni.

Tulimwona kwenye kioo cha kibanda, ametulia, kitufe mkononi, anasubiri. Akabonyeza mara mbili tatu. Akasubiri tena. Baada ya muda daktari akafungua mlango.

"Haya, daktari, anza," Mama Spika akasema.

"Nimemaliza, mama."

"Umemaliza nini? Hujapiga mlio."

Daktari akamwonyesha karatasi. Mstari ulianza juu vizuri, halafu ukaporomoka kama ngazi. Sauti nzito alikuwa anazipata, akamweleza. Sauti nyembamba na za kunong'ona zilikuwa zimempotea siku nyingi.

Tulirudi kwa miguu, tukipita korido moja, ya pili. Kwenye ngazi akasimama.

"Kwa hiyo yule mtu wa kwenye miwani..."

"Alikuwa anaongea, mama," nikamwambia. "Tangu siku ya kwanza. Tulikuwa tunamsoma kwenye televisheni."

Alicheka akashika ukuta. Kicheko kilipoisha, uso ukabadilika. "Na binti yangu," akasema. Binti yake mkubwa aliolewa mbali, na kila wakizungumza kwenye simu walikuwa wanaishia kununiana. Alisema mama yake anamgombeza. Mama Spika alisema binti amepata maringo, anaongea kwa kunong'ona kama hataki kusikika na watu wa kwake.

Alimpigia pale pale, kwenye ngazi, simu ikiwa wazi kwa sauti ya juu. Akamweleza habari za kibanda na kitufe.

"Mama," binti akasema, "mimi nilidhani umenikasirikia tangu niolewe."

"Nikukasirikie kwa lipi, mwanangu? Nilikuwa sikusikii."

Nikashuka ngazi kuwaacha. Mambo mengine si ya fundi cherehani.

Hayakunyooka yote kwa siku moja. Mafundi walikuja kutengeneza mashine mbili za kukausha zilizokuwa zinanguruma kupita kiasi. Tukapewa vizibo vya masikio, na wengine walivikataa mwanzoni kwa sababu vinawasha. Juu ya kila mashine ikawekwa taa nyekundu, ikiwaka unasimamisha, huna haja ya kupigiwa kelele. Mzee wa Pasi alipata vifaa vya masikio viwili, na roli ikageuzwa ili anapofanya kazi awe anatazama watu. Hajakosea foronya tangu hapo. Mama Spika naye alivaa vyake, na asubuhi ya kwanza alisimama katikati ya chumba, akakunja uso.

"Toroli hili linalia hivi tangu lini?"

"Miaka mitatu," tukamjibu kwa pamoja.

Mwalimu wa miwani alipokuja kufunga mafunzo na kuambiwa habari hizi, alikaa kitini akashika tama. Alikuwa ameandika kwenye ripoti yake kwamba msimamizi wa kufulia hana moyo wa kusikiliza wengine. Akaifuta mbele yetu, akamwomba Mama Spika msamaha. Wiki chache baadaye alirudi na masomo mapya: maneno ya mtu wa kuchorwa sasa yanaandikwa hata ndani ya miwani, na kabla ya yote mwanafunzi anapimwa kama sauti inamfikia. Mama Spika alimaliza na themanini na tisa kwa mia. Yule mtu hakuacha kazi. Alipewa ruhusa ya kuingia saa moja baadaye siku za kliniki, na Mama Spika akataka kujua kama mama yake amepata nafuu, swali ambalo kompyuta haikuwa na jibu lake.

Je, bado anapaza sauti? Anapaza, hasa toroli likiacha njia na kugonga ukuta. Lakini akiwa na jambo na mtu, anamfuata, anasimama mbele yake, anangoja macho yakutane, ndipo anasema. Sisi wote tumeiga. Mwezi uliopita tumepokea dada aliyehamia kutoka jikoni, na siku yake ya pili alikuja mezani kwangu akanong'ona, "Samahani, mbona watu wa huku wanatazamana hivi kabla ya kuongea? Kuna ugomvi?"

Nikamwambia hapana, ndivyo tunavyozungumza huku, na nikampa vizibo vyake vya masikio, vipya, bado viko kwenye karatasi.